Malazi Bora ya Sungura wa Nyumbani

Sungura ni mnyama mpole, mkimya, asiyehitaji mahali pakubwa. Kwa hiyo si ajabu kumkuta katika nyumba za askari na polisi wa Uganda, ambamo jamaa nzima huishi katika vyumba vichache na ukuta wa jirani u karibu. Mara nyingi mambo huwa hivi: baba hurejea kwa likizo fupi, hupita sokoni, humnunua sungura mmoja na kumkabidhi mtoto wake. Likizo ikiisha, baba hurudi kazini. Mtoto hubaki akimtunza mnyama yule kama amana ya mzazi wake.

Sungura huwekwa ndani ya kasha la karatasi, juu ya kipande cha blanketi kuukuu. Baada ya wiki mbili au tatu huanza kupiga chafya. Macho hutoa majimaji na manyoya ya miguu ya mbele hugandamana kwa kufutia pua. Ndipo mtoto huuliza, "Mama, mbona sungura wangu hali majani?" Mama hulaumu chakula, hubadili majani, wala hali haibadiliki. Kumbe mara nyingi kosa haliko katika kile anacholishwa, bali katika kile anacholalia.

Hatari ya mkojo

Mkojo wa sungura ni mzito, na rangi yake hubadilika kutoka manjano hadi nyekundu kwa kadiri ya majani aliyokula. Wekundu huo peke yake usiwatie watu hofu. Hofu iwe juu ya mkojo ulioachwa kuoza, kwa maana hutoa hewa kali ya amonia, ile ile inayochoma pua ya mtu aingiapo katika choo kisichosafishwa. Sungura hukaa pua yake ikiwa karibu sana na sakafu. Hewa hiyo huunguza njia yake ya pumzi, na vijidudu vya mafua hupata mlango wa kuingia hadi mapafuni. Ikiwa mtu aliyesimama anaisikia harufu hiyo, sungura aliyelala chini ameteseka nayo zamani.

Jambo la pili ni miguu. Paka na mbwa wana nyama laini chini ya nyayo zao, lakini sungura hana. Kinga yake ni manyoya tu. Akikaa juu ya waya mtupu, saruji au matandiko yaliyolowa, manyoya hukatika, ngozi ya visigino huchubuka na vidonda hutokea. Vidonda hivyo ni vigumu kupona.

Jambo la tatu ni tumbo. Sungura hutafuna kila kitu kilicho mbele yake, na kwa maumbile yake hawezi kutapika. Lolote alilomeza sharti lipite tumboni lote mpaka mwisho, au limzibe. Kwa sababu hiyo matandiko yake yachaguliwe kana kwamba atayala, kwa kuwa hakika atayaonja.

Yanayofaa

Yaliyo bora kuliko yote ni majani makavu. Nyasi zikatwe mahali ambapo mbwa hawaendi haja na ambapo dawa ya wadudu haikunyunyizwa, kisha zianikwe mpaka zikauke kabisa. Hizo ni kitanda na chakula pia, wala hazimdhuru akizila. Nyasi zenye ukungu zitupwe, hata kama ukungu huo ni kidogo. Majani makavu ya mgomba, yapatikanayo karibu kila mahali nchini, hufaa pia yakiwa safi.

Maranda ya seremala hunyonya maji vizuri, lakini ni lazima kuuliza yametoka katika mti gani. Misonobari na mierezi ina mafuta yenye harufu. Mwaka 1967 nchini Marekani ilitangazwa kwamba maranda ya miti laini ya namna hiyo yalibadili kazi ya maini ya panya waliolazwa juu yake. Maranda ya miti migumu isiyo na harufu kali ni salama zaidi. Hata hivyo, vumbi la msumeno lisitumike, kwani huingia puani na machoni.

Magazeti makuukuu hufaa kuwekwa chini kabisa ili yanyonye unyevu, na hata gazeti hili, likiisha kusomwa na jamaa yote, laweza kufanya kazi hiyo. Lakini juu yake pawe na nyasi nyingi, ili sungura asizoee kula karatasi. Karatasi za kung'aa hazifai kwa sababu hazinyonyi maji.

Yasiyofaa

Vitambaa, magunia na blanketi zilizochakaa hutoa nyuzi ndefu, nazo zikimezwa zaweza kuyafunga matumbo. Vipande vya magunzi ya mahindi huziba tumbo. Makapi ya kahawa, ambayo wafugaji wengi huyatandaza chini ya kuku, yasipewe sungura mwenye tabia ya kutafuna, maana yana kafeini. Hali kadhalika udongo uuzwao madukani kwa ajili ya paka, ule unaogandamana ukilowa, hugandamana vivyo hivyo tumboni.

Kumfundisha usafi

Sungura ana tabia njema ambayo watu wengi hawaijui: hupenda kukojoa katika pembe moja. Mwenye nyumba aitumie tabia hiyo. Katika pembe aliyoichagua mnyama mwenyewe liwekwe beseni pana lisilo na kina kirefu, ndani yake magazeti, na juu yake nyasi kavu za unene wa sentimita 5 hivi. Nyasi chache zilizolowa na punje za kinyesi chake zirudishwe humo ili apatambue mahali. Nyasi safi za kula ziwekwe upande mmoja wa beseni, kwa kuwa hupenda kula huku akienda haja. Asipigwe kamwe akikosea. Kipigo humfundisha woga tu.

Asionewe kinyaa akiinama kula kinyesi laini kinachotoka kwake. Ndivyo alivyoumbwa, na ndivyo anavyojipatia vitamini.

Jike mwenye mimba

Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi. Siku ya 28 jike awekewe sanduku la mbao, kiasi cha sentimita 45 kwa urefu na 30 kwa upana, lenye nyasi kavu laini za kina cha sentimita 10 au zaidi. Yeye mwenyewe atayang'oa manyoya yake na kuyatandika. Watoto huzaliwa uchi, na macho yao hufumbuka baada ya siku 10 hivi. Katika siku hizo hawana joto lingine ila la kiota na la wenzao. Kiota kikilowa usiku wa mvua, asubuhi huenda watoto wote wakakutwa wamekufa. Kwa hiyo kiota kitazamwe kila siku, na nyasi zilizolowa ziondolewe bila kuyatupa manyoya ya mama.

Kazi ya kila siku

Pembe ya mkojo isafishwe kila siku, na kizimba chote mara moja kwa wiki. Msimu wa mvua kazi hiyo iongezwe. Vijidudu vya koksidia, vinavyowaua sungura wengi wachanga kwa kuhara, hutoka na kinyesi, navyo huhitaji siku moja au zaidi penye unyevu kabla ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Anayefagia kila siku huwatangulia maadui hao. Dawa nyingi za kuoshea haziviui, lakini maji yanayochemka huviua. Kabla ya kizimba kuoshwa sungura aondolewe, wala asirudishwe mpaka kikauke juani. Ukoga mweupe wa mkojo huondoka kwa siki.

Matandiko yaliyotolewa yasitupwe nyuma ya nyumba ya jirani. Yarundikwe shimoni, yafunikwe udongo, na yakisha kuoza yatiwe katika bustani ya sukuma na nyanya.

Kazi hii haichukui zaidi ya robo saa kwa siku, na mtoto wa miaka minane aweza kuifanya akisimamiwa, mradi anawe mikono baadaye. Sungura akiendelea kupiga chafya, au akikaa siku nzima bila kula, apelekwe upesi kwa daktari wa mifugo. Na baba atakaporudi likizo nyingine, amkute mnyama yu hai kizimbani, na mtoto amesimama kando akiwa na habari za kumsimulia.