King'ora cha Uongo

Mteja wa aina hii namsikia kabla sijamwona. Anaingia steshenari kwangu, hapa Morogoro mjini, amekumbatia laptopu iliyofunuliwa, king'ora kinalia na sauti ya mwanamke inarudia kwa Kiingereza kwamba kompyuta imefungwa, isizimwe, na namba iliyo kwenye kioo ipigwe sasa hivi. Wengi huja Jumatatu asubuhi, baada ya mechi za Ulaya za wikiendi. Siwaulizi walikuwa wanaziangalia wapi.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea ya kwake akiwa ameizungushia khanga mbili, isimtie aibu kwenye daladala. "Mwanangu, wamesema nisiizime," akaniambia. Nikamjibu, "Mama, anayekukataza kuzima anajua ukizima tu kazi yake imeisha." Nikashikilia Esc, kioo kikarudi cha kawaida, nikafunga ukurasa, kukawa kimya. Akaniuliza virusi vimekwenda wapi. Havikuwepo.

Kilichokuwepo ni ukurasa wa intaneti tu, na ukurasa hauna uwezo wa kupekua mafaili yako. Unatisha kwa sababu unatumia vibaya ruhusa za kawaida. Kivinjari huacha video ijaze kioo kizima pale unapobofya. Tapeli naye anasubiri ubofye mara moja, popote, kisha anajaza kioo na kuchora humo dirisha la bandia la Windows, pamoja na hesabu ya virusi inayopanda yenyewe. Alama ya kufungia pale juu nayo ni picha tu, ukiigusa kinakuja kidirisha kingine. Mshale wa kipanya unaweza kufichwa, usijue unabofya wapi. Kurasa nyingine hukiamuru kivinjari kiandike maelfu ya vitu kwenye historia yake kwa mkupuo, hadi prosesa inaelemewa na feni inaanza kunguruma. Hapo mwenye mashine ataapa kwamba virusi amevisikia kwa masikio yake.

Halafu kuna lile la kutajiwa mji wako. Anwani ya intaneti na aina ya kifaa hupewa kila tovuti unayoifungua, hata ya magazeti. Tena wengi wanaotumia bando la simu hapa Morogoro huambiwa wako Dar es Salaam. Hao ndio wanaodai wameona picha zako zote!

Namba ya kupiga kwa kawaida ni ya nje, mara nyingi ya Marekani. Ukiipiga, atapokea mtu mpole atakayekuomba uweke AnyDesk au TeamViewer, programu halali kabisa, ili aingie kwenye mashine yako. Akishaingia atakufungulia orodha ya makosa ya Windows yenye alama nyekundu, ambayo imo kwenye kila kompyuta ya Windows, kisha atakutajia bei. Biashara hii ina fedha nyingi: Machi 2024, kampuni mbili za Cyprus, Restoro na Reimage, zilikubali kulipa dola milioni 26 baada ya Tume ya Biashara ya Marekani kuzishtaki kwa kuwauzia watu matengenezo wasiyoyahitaji, kwa maonyo ya uongo yaliyojifanya ya Windows. Microsoft wenyewe wanasema ujumbe wao wa hitilafu hauweki namba ya simu kamwe. Sisi huku, nadhani, gharama ya kupiga simu Marekani imetuokoa kuliko elimu yoyote.

Sasa, namna ya kuufunga ukurasa wenyewe. Shikilia Esc sekunde chache. Kioo kikirudi, bonyeza Ctrl na W kufunga ukurasa huo, au Alt na F4 kufunga kivinjari chote. Ikigoma, bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Hizo tatu zinakwenda moja kwa moja kwa Windows, hakuna ukurasa unaoweza kuzizuia. Chagua Task Manager, tafuta jina la kivinjari, kilazimishe kufunga. Ikishindikana kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia hadi mashine izime. Utapoteza kazi ambayo hukuihifadhi, basi. Ukikifungua tena kivinjari kitakuuliza kama kirejeshe kurasa za mwanzo. Kataa, maana la sivyo utamrudisha yuleyule. Kwenye simu, ondoa kivinjari kwenye orodha ya programu zilizo wazi, zima data, kifungue tena na ufunge ukurasa ule kabla hujawasha data.

Kinachowaumiza wateja wangu hasa hakina king'ora. Ni kidirisha kinachosema "bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti". Ukiruhusu, umeipa tovuti ile kibali cha kukutumia arifa, na kuanzia hapo simu inatangaza virusi usiku na mchana hata ukiwa umefunga kila kitu. Vijana wakiona hivyo wanapakua "kisafishaji" walichoelekezwa na tangazo lenyewe, na hapo ndipo wanapojiletea programu mbovu ya kweli. Dawa iko ndani ya Chrome: Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Kila jina usilolijua lizuie.

Aliyekwisha kumruhusu mtu kuingia kwenye mashine yake ana kazi zaidi. Akate intaneti, aondoe ile programu, abadilishe nywila kwa kutumia kifaa kingine, na awapigie benki siku hiyohiyo kama alitaja namba za kadi. Na ikiwa kivinjari kimefungwa lakini mafaili yako hayafunguki, au yamebadilishwa majina, hilo ni janga jingine, la kweli. Usiguse kitu, tafuta mtaalamu.

Nina ugomvi na baadhi ya mafundi wenzangu. Mtu analeta laptopu inayopiga kelele, fundi anatikisa kichwa, anasema lazima apige Windows upya, anachukua hela, na picha za harusi zinafutika humohumo. Ukiambiwa hivyo, mwombe kwanza afunge kivinjari mbele yako. Akikataa, chukua mashine yako uondoke nayo, hata kama bado inalia.