Jina Kamili la Saratani ya Damu

Tumchukulie mama muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, aliyeandikiwa rufaa kwenda Muhimbili. Safari yake ni fupi, kwani Upanga haiko mbali. Lakini sehemu ya utambuzi wa ugonjwa katika karatasi yake ina maneno matatu tu: “saratani ya damu”. Hayo hayatoshi kumtibu.

Saratani ya damu, yaani lukemia, ni kundi la magonjwa. Katika ICD-10, uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, lukemia kali ya limfoblasti, inayoongoza kwa watoto, hupewa msimbo C91.0. Lukemia kali ya mieloidi ni C92.0, na lukemia sugu ya mieloidi ni C92.1. Misimbo hii miwili ya mwisho hutofautiana kwa tarakimu moja, ilhali tiba zake zimeachana mno. Mwenye lukemia sugu iliyothibitishwa kwa kipimo cha jeni ya BCR-ABL huweza kumeza vidonge vya imatinibu kila siku na kuendelea na biashara yake. Mwenye lukemia kali huhitaji tiba ya haraka, na mara nyingi hulazwa kwa tibakemikali nzito.

Upo pia msimbo C95.9, wa lukemia isiyobainishwa aina. Huo ni wa pale ambapo aina haijulikani kweli. Ukigeuzwa mazoea, takwimu hazitaonyesha ni wagonjwa wangapi wanahitaji dawa ipi.

Kwa hiyo, mhudumu mwenzangu, andika jina kamili la ugonjwa badala ya kifupisho. Taja kipimo kilichouthibitisha, kama kilikuwa cha damu au cha uloto, pamoja na tarehe yake. Ikiwa bado ni shaka, andika “inashukiwa” na ueleze ulichokiona, mathalani wingi wa chembe nyeupe. Anayeweka misimbo asikisie, amrudie daktari.

Nawe mgonjwa, au ndugu unayemuuguza, muulize daktari: “Ni lukemia ya aina gani, na imethibitishwa kwa kipimo gani?” Omba nakala ya majibu, uitunze pamoja na kadi ya kliniki, na uje nayo kila mahudhurio. Swali hilo si utovu wa adabu. Ni sehemu ya matibabu yako.