Binti Ana Jaribio la Trigonometria, Nasi Tuliishia Darasa la Saba

Akina mama wenzetu, kuna wiki katika muhula ambayo binti hukaa kimya mezani. Anamega ugali na kuuacha. Ukimwuliza, anajibu, "Hamna kitu, mama." Kumbe Jumatatu ana jaribio la trigonometria na hajui pa kuanzia.

Hapo wengi wetu hunyamaza, au humwambia akamwulize baba yake, kwa kuogopa kuonekana hatujui. Sisi tulisoma hisabati ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule za msingi za serikali hapa Tanzania tangu 1967. Yeye alipoingia sekondari aliikuta kwa Kiingereza. Lakini hapo ndipo penye nafasi yetu. Mara nyingi mtoto amekariri maneno ya Kiingereza bila kushika maana. Mwambie akueleze kwa Kiswahili, polepole. Akikwama, mmejua tatizo liko wapi, na afadhali mlijue jikoni kuliko alijue kwenye chumba cha mtihani.

Tuchukue swali moja linalowasumbua sana: mahali grafu inapokata mihimili. Grafu huchorwa juu ya mistari miwili iliyopishana kama msalaba. Mhimili wa x umelala, mhimili wa y umesimama. Nukta iliyo juu ya mhimili uliolala haijapanda wala kushuka, kwa hiyo y yake ni sifuri. Iliyo juu ya mhimili uliosimama haijaenda kulia wala kushoto, kwa hiyo x yake ni sifuri. Wanafunzi huyageuza. Wakiulizwa grafu inakata wapi mhimili wa x, wanaweka x kuwa sifuri, na alama zinakwenda bure.

Grafu ya sin x, mama anayeshona ataielewa upesi kuliko anavyodhani. Piga bandi kwenye kitambaa. Uzi unapanda, unatoboa, unashuka, unatoboa tena. Kitambaa ndicho mhimili uliolala, na kila tundu ni jibu: nyuzi 0, nyuzi 180, nyuzi 360. (Hata Kiswahili chenyewe kimezipa digrii jina la nyuzi!) Grafu ya cos x ni mshono ule ule, ila umeanzia juu. Inakata mhimili uliosimama kwenye 1, na ule uliolala kwenye nyuzi 90 na 270.

Sasa mpe zoezi: y = 2cos x − 1, kuanzia nyuzi 0 hadi 360. Kwanza x iwe sifuri. Cos ya 0 ni 1, mara 2 ni 2, toa 1, inabaki 1. Hapo ndipo inapokata mhimili uliosimama. Kisha y iwe sifuri. 2cos x inakuwa 1, kwa hiyo cos x ni nusu. Atasema "nyuzi 60" na kuweka kalamu chini. Usimkubalie upesi. Mwulize, "Uzi umetoboa mara moja tu?" Jibu la pili ni nyuzi 300, yaani 60 kabla ya kumaliza mzunguko wa 360. Wengi hulisahau hilo la pili.

Kuuliza si aibu. Luka anatusimulia kwamba Yesu, akiwa na miaka 12, alikutwa hekaluni kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza.

Yako mambo mengine yasiyohitaji hisabati hata kidogo. Katika nyumba nyingi kaka anasoma chini ya taa huku dada anaosha sufuria, kisha tunashangaa kwa nini alama za binti ziko chini. Wiki ya jaribio, kaka naye aoshe. Tuzungumze na Baba mapema ili neno hilo litoke kwake pia, maana vijana wetu, tukubali, humsikiliza yeye haraka zaidi. Na kama mmeamua kumtafutia binti mwalimu wa masomo ya ziada, iwe mchana, sebuleni, mlango wazi, au asome pamoja na wenzake wawili watatu. Asiende peke yake chumbani kwa mwalimu, hata kama mwalimu huyo tunasali naye. Mwalimu mwema hatachukia kuambiwa hivyo.

Jumatatu asubuhi anywe uji, aangalie kama ana rula, penseli na kitabu cha majedwali ya hisabati, mwombe pamoja, aende. Karatasi ikirudi na alama chache, msiifiche kabatini. Ifungueni mezani, mtafute lile swali la grafu, mwone kama aligeuza sifuri au alisahau tundu la pili.