Kwa Nini Mtoto wa Nguruwe Hudumaa Ingawa Anakula

Na Mwandishi Wetu, Ngara

Mfugaji wa Mbuba, wilayani Ngara, akiona mtoto wa nguruwe anakula lakini hakui, asiharakishe kulaumu pumba. Huenda chanzo ni maradhi.

Mwili unaopambana na vimelea hupandisha joto, hupunguza hamu ya kula na hutumia protini kujenga kinga badala ya nyama. Hivyo, hata maambukizi yasiyo na dalili kubwa humchelewesha mnyama kufikia uzito wa kuuzwa.

Mtoto wa nguruwe huzaliwa bila kingamwili za mama. Huzipata kwenye maziwa ya mwanzo, yaani dang'a, na utumbo wake huweza kuzifyonza kwa takribani saa 24 tu. Baada ya wiki chache hupungua, ilhali kinga yake mwenyewe bado changa. Ndiyo maana kipindi cha kuachishwa kunyonya ni cha hatari.

Wafugaji wanashauriwa kuhakikisha kila mtoto ananyonya mapema, kuweka banda safi na kavu, kudhibiti minyoo na kutotumia antibiotiki bila ushauri wa mtaalamu wa mifugo. Vifo vya ghafla viripotiwe mara moja kwa afisa mifugo, kwa kuwa homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba.