Mlango wa Brussels na Mtihani wa Majirani wa Afrika Mashariki

Makala yetu ya leo inazungumzia biashara huria baina ya nchi jirani zinazostawi, na hususan mtihani uliozipata nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipokuwa zikijadiliana na Umoja wa Ulaya. Kwa kuwa mengi ya mambo hayo yalipitia Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, tutaanzia huko huko.

Msafiri anayeshuka katika kituo cha treni cha Schuman hujikuta katikati ya Quartier européen, yaani mtaa wa Ulaya. Upande mmoja wa barabara ya Rue de la Loi kuna jengo la Berlaymont, makao makuu ya Kamisheni ya Ulaya, na upande wa pili kuna majengo ya Baraza la nchi wanachama. Bunge la Ulaya nalo liko mwendo mfupi tu kwa miguu. Kituo hicho kimepewa jina la Robert Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa ambaye tarehe 9 Mei 1950 alipendekeza makaa ya mawe na chuma cha nchi yake na cha Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja. Mwaka 1957 nchi 6 zilitia saini Mkataba wa Roma, na ilipofika Julai 1968 zilikuwa zimeondoa ushuru wa forodha baina yao na kuweka ushuru mmoja kwa bidhaa zinazotoka nje.

Katika utaratibu huo kuna jambo moja ambalo tunaomba wasomaji walizingatie vizuri. Leo hii hakuna nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya inayoruhusiwa kufunga mkataba wa ushuru na nchi ya nje peke yake. Ufaransa haiwezi kwenda Nairobi na kukubaliana na Kenya ushuru wa maua, wala Ujerumani haiwezi kwenda Dar es Salaam kwa shughuli kama hiyo. Anayezungumza kwa niaba ya wote ni Kamisheni.

Afrika Mashariki nayo iliwahi kuzungumza kwa sauti moja. Mwezi Septemba 1969 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini kwa pamoja Mkataba wa Arusha na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Mkataba huo haukumbukwi sana, pengine kwa sababu ukitaja Arusha na miaka ile, watu hufikiria Azimio la 1967. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Ya pili ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini mwezi Novemba 1999, na Umoja wake wa Forodha ulianza mwaka 2005.

Wakati huo huo Ulaya ilikuwa ikibadilisha masharti. Kwa miaka mingi bidhaa za nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki ziliingia Ulaya bila ushuru, nazo nchi hizo hazikulazimika kufungua masoko yao. Utaratibu huo ulipingana na kanuni za Shirika la Biashara Duniani, na ruhusa maalumu iliyoulinda ilimalizika mwishoni mwa mwaka 2007. Badala yake ukaletwa Mkataba wa Ushirikiano wa Kiuchumi, maarufu kwa kifupi EPA, unaozitaka nchi za Afrika nazo zifungue masoko yao kidogo kidogo. Mwezi Novemba 2007, mjini Kampala, nchi tano za Jumuiya ziliidhinisha rasimu ya awali, na mazungumzo yakakamilika Oktoba 2014.

Hapo ndipo majirani walipoanza kuachana, na sababu yake ni rahisi kuieleza. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, na tangu mwaka 2001 Ulaya inapokea bidhaa za nchi za namna hiyo bila ushuru, isipokuwa silaha. Zisiposaini, hazipotezi kitu. Kenya haimo katika orodha hiyo. Ilionja matokeo yake mwezi Oktoba 2014, muda wa mwisho ulipopita kabla ya makubaliano, na bidhaa zake, maua yakiwemo, zikatozwa ushuru katika soko la Ulaya hadi karibu na Krismasi. Kwa anayechuma waridi kando ya Ziwa Naivasha, hilo halikuwa jambo la makaratasi.

Tarehe 1 Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini mkataba huo mjini Brussels. Uganda haikusaini, na Burundi wakati huo ilikuwa katika mgogoro na Ulaya. Bunge la Tanzania liliukataa mwezi Novemba mwaka huo huo, katika serikali ya marehemu Rais John Magufuli. Rais mstaafu Benjamin Mkapa, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa ameandika mara kadhaa kwamba viwanda vichanga havitaweza kushindana na vya Ulaya, na kwamba serikali zitapoteza mapato ya forodha. Kwa mtazamo wetu, Kenya haikukosea katika hesabu yake, na Tanzania haikukosea katika yake. Tatizo ni kwamba kila mmoja alipiga hesabu peke yake.

Mwezi Februari 2021 wakuu wa Jumuiya waliafiki kwamba aliye tayari atangulie na wengine wajiunge baadaye. Kenya ikatangulia. Mkataba wake na Ulaya ulitiwa saini mjini Nairobi tarehe 18 Disemba 2023 na ukaanza kutekelezwa tarehe 1 Julai 2024. Unaitaka Kenya ifungue sehemu kubwa ya soko lake katika muda wa miaka 25, huku bidhaa kadhaa za kilimo na za viwandani zikiachwa nje.

Sasa tuangalie maana ya jambo hilo mpakani. Umoja wa forodha ni kama ua mmoja unaozunguka nyumba kadhaa. Bidhaa ya Ulaya ikiingia Mombasa bila ushuru, wakati Tanzania na Uganda bado zinaitoza, itabidi maofisa wa Namanga na Malaba waulize kila lori limebeba mzigo uliotengenezwa wapi. Ukaguzi wa namna hiyo ndio uliokusudiwa kuondolewa mwaka 2005. Nayo Uganda imekuwa kwa miaka mingi soko kubwa kuliko yote la bidhaa za Kenya.

Hata hivyo, si haki kuibebesha Brussels lawama zote. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya viliteketezwa kwa amri ya maofisa wa Tanzania huko Namanga. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa mwaka 2019 na ukafunguliwa tena Januari 2022. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Zuio hilo liliondolewa baada ya siku chache na masharti yakawekwa, na Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi mwezi Mei, vikwazo vya biashara vilikuwa miongoni mwa mambo makuu ya mazungumzo. Katika yote hayo hakuna amri iliyotoka Berlaymont.

Ukitembea dakika chache kuelekea mashariki ya Schuman unafika katika bustani ya Cinquantenaire, penye tao kubwa lililokamilishwa mwaka 1905, enzi za Mfalme Leopold wa Pili, kwa fedha zilizotokana na Kongo. Kongo hiyo hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ikiwa na mamilioni ya wanunuzi na madini yanayotafutwa na dunia nzima. Sehemu kubwa ya shaba yake husafirishwa kwa malori hadi Dar es Salaam, na yanaporudi malori hayo hubeba bidhaa ambazo nyingi zimetengenezwa ng'ambo ya bahari.