Vingunguti, Bonde la Wasiokwenda Kortini

Anayetaka kujua pwani ya Dar es Salaam imechakaaje asianzie Salenda, Mto Msimbazi unapoingia baharini katikati ya mikoko. Apande bonde hadi Vingunguti, wilayani Ilala. Kata hii haina ufukwe. Imekaa mtelemkoni, jirani na viwanda vya Barabara ya Nyerere na Reli ya Kati. Chini unapita mto huo, ulioshuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, na ng'ambo ni Tabata.

Tumezoea kusikia kwamba bonde limeharibiwa na watu waliojenga mabondeni na wasiosikia la mtu. Ukweli kidogo upo. Ila ukifuatilia safari ya taka za jiji, hoja hiyo inapwaya.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulipinga dampo lililowajazia moshi, inzi na uvundo. Jaji Lugakingira akawapa haki yao. Halmashauri ya Jiji ikaomba muda, ikapewa, ikaomba tena, mpaka mwaka 1991 jaji akakataa kuongeza. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Wananchi wa huko nao wakashtaki, nao wakashinda. Malori yakageuza, safari hii yakaja Vingunguti, kwenye kingo za Msimbazi. Hukumu zile sina neno nazo. Zilikuwa za haki. Lakini mahakama ilisema taka zisimwagwe wapi, na jiji likajitafutia lenyewe pa kuzimwaga: kwa watu ambao hawakuwa wameenda kortini. Dampo lilikaa takriban muongo mzima kabla ya zamu ya Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Malori yaliondoka. Kilichofukiwa kilibaki, na mvua ikinyesha kinachuja kuelekea mtoni.

Na dampo halikuwa mzigo pekee. Yapo mabwawa ya majitaka, ambako magari ya kunyonya vyoo humwaga vinyesi vya mitaa mingine. Yapo machinjio yanayolilisha jiji nyama. Kwa miaka mingi damu na samadi zilifuata mtelemko. Machinjio mapya yaliyojengwa na Shirika la Nyumba la Taifa ni nafuu ya kweli, ingawa yalichelewa mno.

Bondeni wakulima wanamwagilia mchicha na matembele kwa maji hayo hayo ya mto. Watafiti wamekuta madini ya risasi kwenye udongo na mboga za bonde la Msimbazi. Mboga hizo haziliwi bondeni tu, zinakwenda sokoni. Kwa hiyo mlaji aliyeko mbali na uvundo naye anarudishiwa fungu lake la uchafu, hana habari.

Na si taka tu zilizohamishwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoua watu zaidi ya 40 jijini, serikali iliwapa baadhi ya waathirika wa mabondeni viwanja Mabwepande, mbali kaskazini. Kiwanja walikipata, vibarua vyao vilibaki mjini.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi. Sehemu kubwa ya ujenzi iko chini, Jangwani, kwenye barabara kuu na karakana ya mabasi yaendayo kasi ambayo mafuriko yameshaivamia mara kadhaa. Huko ndiko hasara inakoonekana. Tope linalojaa huko, hata hivyo, linatoka juu, na kulichimba Jangwani huku vilima vya Pugu na kingo za Vingunguti vikiachwa vilivyo ni kibarua cha kila masika.