Fahamu: Vifaa saidizi vya tiba kazi, vingine hutengenezwa nyumbani

Mtu wa Mwamanyili, mkoani Simiyu, akipata kiharusi, familia huuliza kwanza atatembea lini. Mtaalamu wa tiba kazi huuliza jingine: ataogaje, atakulaje, atavaaje?

Majibu mengi ni vifaa saidizi, na si lazima viwe vya dukani. Mpini wa kijiko ukizungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli hunenepa, na kiganja kisichokunja vizuri hupata pa kushika. Kitambaa chenye unyevu chini ya bakuli hulizuia kuteleza kwa anayekula kwa mkono mmoja. Mtihani mkubwa ni choo cha shimo, maana kuchuchumaa huwashinda hata wenye magoti mazima. Kiti imara cha mbao kilichotobolewa katikati huwekwa juu ya tundu, kwa kimo kinachoruhusu nyayo kukanyaga chini. Cha plastiki chepesi, kwa maoni yangu, ni kutafuta ajali.

Wataalamu wa tiba kazi ni wachache, na mafunzo yao hutolewa katika hospitali ya KCMC, Moshi, mbali na Simiyu. Vifaa navyo ni adimu: ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF ya 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, miwani ikiwemo. Katika baadhi ya nchi maskini, wanaovipata ni 3 tu kwa kila 100 wanaovihitaji.